Naombeni ushauri: nimeandikishwa shindano la mashairi ya makauboi na farasi sijawahi kumpanda

Mnyantuzu_Ughaibuni:
Wakuu, salaam. Nipo Idaho kusini, Marekani, kwenye mashamba ya ng'ombe wa maziwa, nakamua zamu ya usiku. Mwezi ujao mji wetu una shindano la mashairi ya makauboi, wale wachunga ng'ombe wa huku wapandao farasi. Masharti: uwe umetunga mwenyewe, usishike karatasi, usizidi dakika tano. Msimamizi wangu kaniandikisha baada ya kunisikia nikiwaghania ng'ombe bandani.

Nimeandika beti kumi kwa Kiingereza: farasi, bastola, jua linazama nyuma ya milima. Mizani (silabi) nane kila mstari, kama utenzi. Nikamsomea mama mkwe wa msimamizi, ambaye ukoo wao ni wa makauboi tangu babu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema linachechemea. Linachechemeaje na mizani imetimia? Nijitoe?

ChiziLaJiji:
Ukishinda unapewa ng'ombe? Tuma nyumbani, kuna watu mahari imewakaba kooni.

BintiWaPwani:
Kaka, mama huyo kasema kweli. Sisi mkazo wetu umekaa palepale, silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana kuhesabu mizani kunatosha. Kiingereza mkazo unarukaruka, na sikio lao linahesabu mikazo. Mashairi yao mengi ya mtindo huo yana mikazo minne mstari wa kwanza, mitatu wa pili, tena minne, tena mitatu, na vina mwishoni. Soma huku unapiga meza. Pale mkono unapopotea ndipo linapochechemea.

Mdau_Nairobi:
Mimi naona ujitoe. Mtu mweusi na ile kofia, watakucheka.

Mzee_wa_Zizi:
Mdau, hapo umeteleza. Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe kwisha mwaka 1865, waliokuwa wakiswaga ng'ombe kutoka Texas hadi reli ya Kansas walikuwamo watu weusi wengi, baadhi wametoka utumwani juzi tu, na Wameksiko pia. Hata neno lao "buckaroo", yaani kauboi, ni "vaquero" (mchunga ng'ombe) ya Kihispania iliyopindwa. Usiku walizunguka kundi wakiimba ili ng'ombe wasishtuke wakatimua mbio. Sasa huyu mwenzetu anaghania ng'ombe usiku, mnataka nini tena?

Mnyantuzu, bastola zitupe. Mji wa Elko, jimbo la Nevada, wana mkusanyiko mkubwa wa mashairi haya tangu 1985, nao huwa mwishoni mwa Januari, wakati kazi za ranchi zimepungua. Wanaopanda jukwaani ni watu wa kazi, wanasimulia kazi. Wewe kazi yako ikoje?

Mnyantuzu_Ughaibuni:
Mzee, majuzi saa nane usiku ndama alikwama. Nje theluji, vidole vimekufa. Nikaingiza mkono kutafuta miguu ya mbele nifunge mnyororo. Mtanicheka, lakini sehemu pekee yenye joto shamba zima ilikuwa mle ndani ya ng'ombe. Nilitamani nisiutoe. Nilijitungia huu kwa Kiswahili, sikufikiri ni shairi la shindano:

*Usiku ndama kakwama,*
*Baridi ndani ya nyama,*
*Mamaye kashindwa hema,*
*Nami mkono u ndani.*

BintiWaPwani:
Wewe! Umekaa na hilo halafu unatuletea machweo? Hilo la joto ndilo shairi. Usilitafsiri, lisimulie upya kwa mapigo yao. Na lafudhi yako usiifiche, ukiiga yao utasahau mistari.

Mzee_wa_Zizi:
Kukariri: ubeti mmoja kila zamu, mikono ikiwa kazini. Ukiweza kulisema huku unafunga mashine kwenye chuchu bila kusita, limeingia. Ndama alipona?

Mnyantuzu_Ughaibuni:
Alipona, jike. Beti zimebaki sita, bastola sina tena. Jana niliwasomea ng'ombe lote bila karatasi. Mmoja alikunya katikati ya ubeti wa tatu, lakini mapigo sikuyapoteza.