Naomba ushauri: nataka kugeuza pampu ya stimu ivute kule inakosukumia

Kijana_wa_Ole
Assalaam alaykum wadau. Nna swali la kiufundi naomba anaejua anijibu, kejeli sitaki. Tuna pampu ya pistoni ya mvuke, ile ya zamani, silinda mbili za stimu upande mmoja na mbili za maji upande wa pili, kibati chake kimeandikwa 6x4x6. Inafanya kazi vizuri tu alhamdulillah inapiga tak tak kutwa. Sasa nataka igeuke, yani ivute maji kule inakosukumia saivi na isukume huku inakovuta, kwa muda tu halafu tunairudisha. Fundi wetu anasema tubadilishane paipu ya stimu inayoingia na ile ya egzosti, inayotolea stimu iliokwisha kazi, itageuka yenyewe kama mota ya fezi tatu unapobadilisha waya mbili. Mie moyo haujatulia ndo nikasema niulize, usiku silali kwa jambo hili. Shukran.

MlaUrojo
Wa alaykum salaam. Hongera kwa kuwa na pampu ya mvuke zama hizi, mie jirani yangu ana pampu ya umeme na maji hana.

MamaSalha_Fuoni
Mwanangu, mtu hakosi usingizi kwa ajili ya pampu. Marehemu mume wangu alikuwa akigeuka geuka kitandani usiku kucha nikamuuliza akanambia ni tanga la ngalawa limechanika, kumbe kakopa pesa ya watu na mwenyewe anakuja asubuhi. Umekopa? Sema tu hapa hatujuani.

Kijana_wa_Ole
Sijakopa mama. Ni pampu tu.

FundiBaridi_Mkoani
Ushauri wangu mie uza hio kitu skrepa leo leo, ina chuma na shaba ya maana. Pemba tuna kebo ya umeme toka Tanga tangu 2010, mambo ya kuchochea kuni ya nini? Nunua pampu ya umeme ya farasi mbili ufunge na swichi yake ya kuelea ulale. Mie nafunga pia, na AC nafunga, nicheki.

Kijana_wa_Ole
Kaka mie sijauliza habari ya umeme. Stimu tunayo kwa kazi nyengine ndo maana pampu ni ya stimu.

Seranga_Mstaafu
Kijana, mie nimekula ujana wangu chini kwenye injini za meli za stimu mpaka zilipokwisha zikaja za dizeli. Huyo fundi wenu anajua mota, pampu haijui. Pistoni inakwenda na kurudi, haina mbele wala nyuma ya kugeuzwa. Anaeamua maji yaende wapi ni vali za upande wa maji, vile visahani vilivokalia matundu na springi juu yake. Vya chini vinafunguka pistoni ikivuta, vya juu vinafunguka ikisukuma, na vyote vinafungukia juu tu. Ni kama pampu ya baiskeli, uvute usukume upepo unakwenda kwenye tairi. Hata ukiiendesha hio pistoni kwa ng'ombe maji yataingia kwa chini yatoke kwa juu.

Na hilo la kubadilishana stimu na egzosti msithubutu. Ndani ya kasha la stimu mna slaidi vali, kile kipande kinachoteleza kufungua na kuziba matundu ya stimu, stimu inaikandamiza kwa juu ndo inashika uso wake ikaziba sawasawa. Ukileta stimu kwa tundu la egzosti inatokea chini yake, unainyanyua, mvuke unapita ovyo na pampu inasimama au inajikokota. Tena hio yenu ni pacha, fimbo ya huyu ndo inayosogeza slaidi ya mwenziwe, mmoja akilala na wa pili kalala.

Melini sisi pampu hatugeuzi. Pampu ile ile inajaza tangi la balasti, yale maji ya kuipa meli uzito itulie, na ile ile inalitoa maji, kinachogeuzwa ni vali za kwenye paipu. Kila upande unafunga vali mbili, moja iende kwenye mdomo wa kuvutia na moja kwenye mdomo wa kusukumia, jumla nne. Ukifungua jozi hii maji yanakwenda kulia, ukifunga hio ukafungua jozi ya pili yanakwenda kushoto, na pampu wala haina habari. Lakini kabla sijakuchorea nambie kwanza, huko inakosukumia saivi kuna nini?

Kijana_wa_Ole
Mzee wangu Mungu akupe umri. Hio ya vali nne ndo iliokuwa fikra yangu toka mwanzo, na vali nne za geti nimeshanunua na paipu ipo, fundi anakuja Ijumaa baada ya sala kukata na kuchomelea. Ilikuwa nataka uhakika tu. Huko kuna tangi la maji.

Zamani_za_Kale
Samahani mzee Seranga kwa heshima, mie nna suala. Hapa Unguja tulikuwa na treni ya Bububu, ilianza 1905, ikitoka mjini kwenye ngome ikipita katikati ya mitaa watu wakihama barazani kwa cheche, babu yangu alikuwa akisimulia kanzu yake ilivotobolewa na cheche ya moto akatukana kwa Kihindi ili dereva afahamu. Sasa treni ya stimu ina pistoni na slaidi vali hizo hizo, na dereva anavuta mkono mmoja tu inarudi nyuma. Kwanini treni iweze na pampu isiweze?

Seranga_Mstaafu
Suala zuri. Treni ina magurudumu, ule mkono unabadilisha wakati wa stimu kuingia kwa hivo gurudumu linazunguka kinyume, na pistoni yenyewe inabaki na nenda rudi yake ile ile. Pampu ya moja kwa moja haina gurudumu. Na hata ukichukua pampu yenye gurudumu ukalizungusha kinyume, vali za maji haziulizi gurudumu linazunguka wapi.

Kijana, tangi gani? La wazi au limefungwa?

Kijana_wa_Ole
Limefungwa.

Seranga_Mstaafu
Lina geji ya presha?

Kijana_wa_Ole
Linayo.

Seranga_Mstaafu
Linachochewa moto chini?

MlaUrojo
Jamani hii imekuwa kama mahakama ya kadhi.

Kijana_wa_Ole
Ndio. Ni boila. Sikutaja kwasababu najua watu wataogopa bure waache kujibu swali. Ni hivi, ami yangu ana kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya mchaichai na mkaratusi kwa mvuke, pampu ndo inayolisha boila maji. Maji yetu ya kisima yana chokaa na chumvi kidogo, chini ya boila matope yamejaa, na vali ya kumwagia matope imeganda haifunguki. Ami hataki moto uzimwe kwasababu mchaichai umeshakatwa umelala uwanjani, ukikaa unakauka mafuta yanapungua. Ndo nikasema tugeuze pampu tuyavute yale maji machafu nusu tu kwa paipu ya kulishia, kisha tunarudisha tunajaza maji safi, moto unaendelea. Sioni ubaya wake.

MamaSalha_Fuoni
Nlisema mie si pampu.

Seranga_Mstaafu
Basi sikuchorei kitu. Nisikilize vizuri na ami yako msomee.

Boila lenu likiwa na presha ya paundi 100 kwa nchi mraba kwenye geji, maji yalomo ndani yako kama digrii 170. Hayachemki ovyo kwasababu presha imeyakalia. Ukiyavuta kwa pampu, presha ikishuka kidogo tu pale mdomoni yanageuka mvuke papo hapo, silinda ya maji inajaa mvuke, pistoni inapiga patupu inakwenda mbio inagonga vifuniko, na visahani vyako kama ni vya mpira vinaharibika. Maji ya moto vile hayavutwi na pampu iliofungwa kwa maji ya baridi.

Halafu hilo halihitaji pampu kabisa. Boila lenye presha likipewa tundu linamwaga lenyewe, ndo kazi ya hio vali ilioganda. Na paipu ya kulishia boila pale inapoingia lazima iwe na chekivali isiruhusu maji kurudi. Ukitaka kuvuta kwa njia hio inabidi uitoe, na ukishaitoa siku paipu yako ya kuchomelea ikipasuka boila zima linatokea hapo hapo.

Jengine. Hio 6 ni silinda ya stimu na 4 ni ya maji, kwa nchi, hio ya mwisho ni mwendo wa pistoni. Sita mara sita gawa kwa nne mara nne unapata 2 na robo. Ndo maana pampu inaweza kuingiza maji kwenye boila lile lile linaloiendesha. Lakini mtu akikosea kufungua zile vali nne akaziba njia ya kutokea, pampu itasukuma mpaka isimame na hapo paipu imebeba karibu paundi 225. Mmeweka vali ya usalama upande wa maji? Na maji yakishuka ndani huku moto unawaka, mabomba yanabaki wazi yanawiva mpaka mekundu. Lita moja ya maji ikiachiwa ikawa mvuke ni zaidi ya lita 1,600. Hesabu boila lenu lina lita ngapi.

Plagi ya risasi ipo? Ile inayoyeyuka maji yakipungua?

Kijana_wa_Ole
Ilikuwepo. Iliyeyuka mwaka jana, ami akaweka bolti ya shaba. Lakini mzee sisi tunaangalia kioo cha maji kila dakika, mtu anakaa pale pale. Na nusu tu tunatoa, mabomba hayatabaki wazi. Pia vali nimeshalipia mwenye duka hazirudishi. Nlikuwa naomba mchoro tu.

Mkunazini_Kwetu
Wadau hii chai, hadithi ya kutunga. Hebu rudini juu msome. Mara pampu tu, mara tangi, mara tangi limefungwa, mara boila, mara vali imeganda, sasa na plagi imezibwa bolti, kila akiulizwa anatoa jipya la kutisha zaidi ya la kwanza. Baada ya hapa atatwambia boila liko chumbani kwa bibi. Huyu ni mwanafunzi wa ufundi kapewa kazi ya nyumbani anataka mzee amfanyie. Mtu wa shamba gani anakuja na 6x4x6?

Kijana_wa_Ole
Kibati kimeandikwa hivo nisome vipi? Na mie nimesoma, watu wa Pemba hatusomi?

Mkunazini_Kwetu
Weka picha.

Kijana_wa_Ole
Siweki. Ami ana simu na wanawe wako humu.

MlaUrojo
Na huo mchaichai ni mchaichai kweli au kuna makonyo ya karafuu yanapita usiku? Nauliza tu, nisije nikapigiwa hodi na mie nlikuwa nasoma.

Kijana_wa_Ole
Wallahi hakuna konyo hata moja. Mchaichai na mkaratusi basi. Mnanichosha.

Nahodha_Gando
Mie natokea upande huo na moshi nauona asubuhi nikishuka pwani. Ila huko huko kuna tanuri la chokaa kwa hivo siwezi kumtetea wala kumkataa.

Zamani_za_Kale
Hata kama katunga, katunga kwa kujua. Mtu mwongo angesema maji ya kisima ni matamu.

Mkunazini_Kwetu
Zamani weye unaamini kila kitu chenye moshi toka treni ya babu yako.

MamaSalha_Fuoni
Mnamcheka na mtoto anakaa mbele ya boila kutazama kioo. Huyo anaekaa pale ni nani, ni weye au ni kijana wa watu analipwa kwa siku?

Kijana_wa_Ole
Kwa zamu. Mie na vijana wawili.

Seranga_Mstaafu
Mie sijali kama ni chai au maziwa, yupo mwengine atasoma hapa ana boila kweli. Kioo cha maji kwenye boila la matope usikiamini, tundu lake la chini likiziba kioo kinakuonesha maji yaliokwama na ndani pakavu. Kifunguliwe koki yake ya chini kipulizwe kila zamu, maji yakirudi juu haraka ndo kizima.

Dawa yenu ni hii. Moto utolewe, boila lipoe lenyewe mpaka geji isome sifuri na koki ya juu ifunguliwe isitoe hata pumzi. Msilimwagie maji ya baridi lingali la moto, chuma kinapasuka. Maji yaliobaki mnayatoa kwa mrija kama mnavotoa mafuta kwenye pipa, na hapo mkitaka kutumia pampu tumieni ya petroli maana yameshapoa. Fungueni milango midogo ya mkono, matope mnayakokota. Hio vali ilioganda ing'olewe nzima, msiigonge nyundo, mchimbe tundu lake kwa ubapa wa chuma mpaka mwanga uonekane, mfunge mpya. Plagi ya risasi inunuliwe. Mumwite na mkaguzi wa boila aje alipime kwa maji kabla moto haujawashwa tena. Mchaichai ukikauka umekauka, mtakata mwengine, ule unaota tena.

FundiBaridi_Mkoani
Ndo nlivosema mie, umeme.

Kijana_wa_Ole
Nimemsomea ami yote. Kanyamaza sana akauliza huyo mzee wa melini jina lake nani na anatokea wapi, nikamwambia simjui. Kasema basi moto utolewe usiku huu lakini mchaichai utakaoharibika mie ndo nitaulipa kwasababu mie ndo nilioleta maneno. Habari ya plagi hakusema kitu. Fundi nimempigia asije na mashine ya kukatia aje na spana kubwa.

Nasema tena mie sikukosea kuuliza, ile ya vali nne mzee mwenyewe kasema melini wanafanya.

Seranga_Mstaafu
Wanafanya kwa maji ya bahari, mwanangu. Habari ya plagi muulize tena asubuhi akishakunywa chai.

Mkunazini_Kwetu
Ya kikombe au hii yetu?

Kijana_wa_Ole
Nauza vali nne za geti za shaba nchi moja na nusu, mpya hazijafungwa hata moja. Anaetaka aje pembeni tuongee.

MlaUrojo
Kumbe chai yenyewe ilikuwa inakuja na vikombe.

FundiBaridi_Mkoani
Shaba kweli au zimepakwa rangi? Nazitaka mbili. Unaweza kunipa dereva wa daladala azishushe Mkoani kesho?