Muhtasari wa riwaya unanitoa jasho kuliko riwaya yenyewe, tupeane uzoefu

Mleta mada
Habari zenu wadau. Nimemaliza riwaya yangu, maneno 83,000 na kitu, miaka mitatu naandika usiku watoto wakishalala. Sasa kuna mchapishaji kanijibu imeili, anataka sura tatu za mwanzo na muhtasari usiozidi kurasa mbili. Nikajua hiyo kazi ya jioni moja, leo wiki ya tatu. Nikiandika kwa kirefu nafika kurasa tisa, nikikata inabaki mifupa mitupu, haina hata harufu ya kitabu changu. Sentensi ya kwanza niliyonayo ndo hii: "Hii ni hadithi ya mapenzi, usaliti na matumaini katika mashamba ya mkonge ya Tanga." Naisoma naona inaweza kuwa riwaya ya mtu yeyote. Nyie mlifanyaje? Nataka waliopitia, sio nadharia.

Mwandishi wa Kisauni
Pole sana ndugu yangu, hiyo nimeipitia hapa Mombasa. Mimi kosa langu lilikuwa lingine, niliandika yale maneno ya nyuma ya jalada nikadhani ndiyo muhtasari. Nikamalizia na "Je, Rehema atafaulu kuokoa nyumba ya marehemu babake?" nikatuma nikiwa na raha zangu. Mhariri alijibu baada ya miezi miwili hivi, mistari mitatu tu, kwamba yeye si mnunuzi wa kuvutiwa pale dukani, yeye anataka kujua Rehema aliokoa nyumba ama hakuokoa, na aliiokoa vipi. Iliniuma lakini alikuwa na haki. Huyo mtu anakwenda kuweka pesa za karatasi na za chapa kwenye hicho kitabu, lazima ajue kama mwisho umesimama. Kwa hivyo mwisho utaje, wazi kabisa. Na uandike kwa wakati uliopo, "Rehema anauza", si "aliuza", hadithi inakwenda mbio zaidi hivyo.

Binti wa Unguja
Assalamu alaykum. Mie iliyonisaidia ni shangazi yangu. Nlikaa naye barazani anachambua mchele, nikamwambia shangazi nikuhadithie kitabu changu, nikaanza. Karatasi sikushika. Nlimaliza kwa dakika kumi hivi, na yale nliyoyasahau kuyasema ndo yale yasiyohitajika kwenye muhtasari, yakatoka yenyewe. Mjomba wa pili, safari ya Pemba, yule jirani mwenye mbuzi, wote sikuwataja na hadithi ilifika salama.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Katikati shangazi alisita, mchele uko mkononi, akanuliza, "We mwanangu, huyo mume si ulisema yuko Maskati? Karudi lini mpaka yuko maziarani?" Nikanyamaza. Nlikwenda kufungua muswada, kweli, sura ya 9 yuko Maskati anatuma pesa, sura ya 11 anabeba jeneza Unguja, safari haipo popote. Watu wanne walishausoma muswada ule na hakuna aliyeliona, kwa sababu maneno mazuri yanafunika. Ukiubana kuwa kurasa mbili hakuna pa kujificha. Basi mie ningekwambia muhtasari ukigoma usiulaumu muhtasari tu, katazame na kitabu.

Msomaji wa Mwanza
Naunga mkono. Mimi nilianza kwa kufanya zoezi kwa kitabu cha mtu mwingine maana cha kwako unakipenda mno huwezi kukata. Nikachukua Rosa Mistika ya Kezilahabi, ile ya 1971, nikaandika: Rosa, binti wa Ukerewe, anakuzwa na baba mkali, Zakaria, anayemchapa kwa sababu ya wavulana, akitoka mikononi mwa baba yake hajui kujiongoza, anaanguka, anajaribu kutulia na mchumba, Charles, lakini Charles anamwacha kwa kuwa si bikira, na Rosa anajiua. Angalieni hapo, kila tukio linavutwa na lililotangulia. Mimi kabla ya hapo nilikuwa naandika "halafu... halafu... halafu", kila aya inaanza hivyo. Nikabadilisha nikawa najilazimisha kutumia "kwa hiyo" au "lakini", na tukio ambalo halikukubali hata moja kati ya hayo maneno nalitoa. Majina nayo nilibakiza manne, wengine wote wakawa "dada yake", "mwenye duka", basi.

Mwandishi wa Kisauni
Hiyo ya "kwa hiyo" naiandika sasa hivi kwenye daftari.

Mleta mada
Jamani asanteni mno. Niseme ukweli, kuna kitu kinanikwaza pia, naogopa nikitaja mwisho mtu atachukua wazo langu.

Msomaji wa Mwanza
Hofu hiyo naielewa kabisa mkuu, mimi ilinikalisha mwaka mzima. Sheria ya hakimiliki inalinda ulivyoandika, wazo tupu hailindi, kwa hiyo kinga yako ni muswada uliokamilika. Kausajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwanza, tunza na imeili zote zenye tarehe, halafu tuma. Ukificha mwisho mhariri anaona hujui unakokwenda na muswada unarudishwa, au haujibiwi kabisa.

Binti wa Unguja
Hebu tuhadithie basi hiyo ya mkonge kama unavyomhadithia shangazi. Nani, anataka nini, kinamzuia nini.

Mleta mada
Nimekaa nayo tangu adhuhuri, nimemhadithia mke wangu mara mbili. Ona hii:

"Mwaka 1967 mashamba ya mkonge yanataifishwa, na Zuberi, karani wa mishahara, anabaki na daftari la madeni ya vibarua ambalo meneja aliyeondoka alimwagiza alichome. Halichomi, kwa sababu jina la baba yake limo. Lakini kamati mpya ya shamba inalitafuta daftari hilo hilo, na anayeongoza msako ni Mwanahawa, mwanamke aliyemchumbia."

Binti wa Unguja
Eeeh! Sasa baba yake alikuwa anadai au anadaiwa?

Mleta mada
Anadaiwa... ngoja. Hapana, kwenye sura ya 4 anadai. Wacha nifungue muswada.