Tupeane uzoefu: Umeongeza diski kwenye VM ya Linux, halafu?

FundiKimya
Wakuu habari za jioni. Leo VM yetu (kompyuta ya kidhahania ndani ya kompyuta halisi) ya Ubuntu imejaa pomoni, df -h (amri ya kuonyesha nafasi iliyotumika) inasoma 100% kwenye / (folda mama ya mfumo), hata nikibonyeza Tab terminali inalalamika haina nafasi. Nimeizima, nimeingia VirtualBox (programu ya kuendesha VM), nimeongeza VDI (faili la diski ya VM) ya GB 50, nimewasha. df -h: 100% ileile! Nimehangaika karibu saa nzima nikidhani diski imegoma kushika. Kupiga lsblk (amri ya kuorodhesha diski zote), kumbe sdb, diski ya pili, imekaa hapo, GB 50 kamili, haina patisheni, haijafomatiwa, haijamauntiwa (kuunganishwa na folda) popote. Wenzangu, za kwenu zilikuwaje?

Nyanda_za_Juu
Hapo kwenye df tumepita wengi mkuu. df inaonyesha kilichokwisha kumauntiwa tu. Diski mpya anza na lsblk.

Mama Wawili
Umenikumbusha siku ambayo sitaisahau. Tulikuwa na seva ya KVM (mfumo wa kuendesha VM), ndani yake VM ya Debian iliyobeba mfumo wa stoo na ankara wa wauzaji wa vifaa vya ujenzi. sda ya mfumo, sdb ya databesi ya MySQL, imefomatiwa nzima bila patisheni. Nikaongeza ya tatu VM ikiwa kazini, ikajitokeza kama sdc. Nikaandika kwenye daftari langu: sdc = mpya. Kabla sijaifomati nikaambiwa niwashe VM upya kwa ajili ya kerneli mpya. Ilipowaka majina yakawa yamebadilishana: mpya ni sdb, ya MySQL ni sdc. Kwenye fstab (faili lenye orodha ya diski za kumaunti) tulikuwa tumeandika /dev/sdb pamoja na nofail (endelea kuwaka hata diski ikikosekana), kwa hiyo Linux ikajaribu kumaunti diski tupu, ikashindwa, ikaendelea kuwaka kama kawaida.

Mimi na daftari langu mkononi nikapiga amri ya kufomati: mkfs.ext4 /dev/sdc. Ikanijibu kwamba diski hii ina mfumo wa mafaili wa ext4 tayari, na mstari wa chini ukataja mara ya mwisho ilimauntiwa kwenye /var/lib/mysql, na tarehe yake. Ikauliza niendelee, y au N. Nikabonyeza y. Neno mysql nililisoma kidole kikiwa kimeshatangulia.

Halafu ikaanza kuachia bloku za diski. Tulikuwa tumeiruhusu VM kurudisha nafasi kwa seva, kwa hiyo hata programu za kufufua mafaili hazikukuta cha kufufua. Bakapu ya mysqldump ilikuwa ya saa nane usiku. Kila kilichoingizwa kuanzia asubuhi mpaka saa saba mchana kilipotea. Nilikaa na wahasibu wawili siku mbili tukiingiza upya kutoka kwenye nakala za ankara za karatasi, nyingine kaboni yake haisomeki, tunampigia mteja simu kumuuliza alichukua mabati mangapi. Mpaka leo nikiulizwa y au N naondoa kwanza mikono kwenye kibodi.

Kijana wa Likoni
Pole sana dada. Hiyo y nami nimewahi kuibonyeza.

Mzee wa Terminali
Pole mama. sdb na sdc si majina ya kutegemea, piga blkid, chukua UUID (namba ya kipekee isiyofuata jina la diski), hiyo ndiyo iingie kwenye fstab. Ila wadau, aliyemponza hapo ni nofail. Isingekuwepo, VM ingesimama kwenye hali ya dharura, naye angejua kuna jambo.

Mluguru_IT
Shikamoo mzee, lakini hapo nakataa. Seva yangu ni ya kukodi, iko Ujerumani, mimi niko Morogoro. Nilikosea herufi moja ya UUID, sikuweka nofail. Ikasubiri diski sekunde 90, ikaingia hali ya dharura, SSH (njia ya kuingia kwa mbali) hakuna, na konsoli ya mwenye seva haifunguki. Nimelala nje ya seva yangu usiku kucha! Diski yoyote isiyo ya mfumo, nofail.

Mzee wa Terminali
Marahaba. Basi databesi yako ianze kuandika kwenye folda tupu ya /, asubuhi wateja waulize salio lao limekwenda wapi. Kati ya seva isiyowaka na seva inayodanganya, mimi nachagua isiyowaka.

Mluguru_IT
Mzee wewe seva yako iko chumba cha pili, unaweza kuifuata kwa miguu.

Bi Terabaiti
Jamani. Wekeni nofail, halafu kwenye yuniti ya MySQL (faili la maelekezo ya kuwasha huduma) ongezeni RequiresMountsFor=/var/lib/mysql. Seva itawaka, MySQL itakataa kuanza mpaka diski iwepo. Na kabla ya kuwasha upya pigeni findmnt --verify ikague fstab, kisha mount -a ijaribu kumaunti zote.

Mzee wa Terminali
Hilo nakubali.

Msafiri wa Muscat
Mimi yangu si fstab. SSD ya GB 500, VM nne, kila moja nimeipa diski ya GB 200 inayokua kidogo kidogo. Ndani ya VM nafasi tele, nje SSD imejaa. Zote nne zikasimama usiku mmoja. Kabla ya kuongeza diski angalieni kwanza ya nje imebaki na nini.

Nyanda_za_Juu
Kwa nini msitumie LVM, inayounganisha diski kadhaa ziwe nafasi moja? pvcreate, vgextend, lvextend -r, dakika moja / imekua, hakuna cha kuhamisha.

Kijana wa Likoni
Na faili la diski moja likiharibika umepoteza zote mbili. Mimi kila kazi na diski yake. Au panua ileile ya zamani, growpart ipanue patisheni kisha resize2fs ipanue mfumo wa mafaili, basi.

Bi Terabaiti
Mama Wawili, dawa yangu ni ukubwa wa ajabu. Siundi diski ya GB 50, naunda ya 53, inayofuata 37. Kwenye lsblk naitambua kwa ukubwa, jina libadilike litakavyo.

Mama Wawili
Hii naichukua leo leo.

FundiKimya
Asanteni wakuu. Nimezima huduma, nimenakili folda ya /srv kwa rsync -aHAX kwenda diski mpya, nimeimaunti hapohapo /srv kwa UUID. Mafaili yote yapo. Lakini / bado 100%!

Mzee wa Terminali
Ya zamani yako chini ya diski mpya kijana, yamefunikwa tu. Piga mount --bind / /mnt, ikuonyeshe / bila diski zilizomauntiwa juu yake, ingia /mnt/srv, utayakuta. Usifute kabla hujalinganisha na nakala.

FundiKimya
Nimelinganisha, nimeyakuta, nimeyafuta. 61%. Shikamoo mzee.