Kijitabu cha maarifa kwa mtoto anayeanza kusoma: maneno magumu nifanyeje?

Kalamu Butu:
Wakuu, naandaa kijitabu cha kurasa 8 kuhusu makuzi ya chura. Wasomaji wameshajua irabu na silabi za ka, ke, ki, ko, ku, ila silabi mwambatano (zenye konsonanti zilizobanana, kama "mba") bado. "Kiluwiluwi" nikiondoe? Na kila ukurasa uwe na maneno mangapi?

Silabi Tano:
Kiache. Urefu si ugumu. Ki-lu-wi-lu-wi ni herufi 10, lakini kila silabi ni konsonanti moja na irabu moja. Mtoto anatambaa nayo hadi mwisho. "Mbwa" lina herufi 4 tu na litamkwamisha, kwa sababu konsonanti tatu zimebanana mbele ya irabu moja. Angalia pia m inayosimama peke yake: "mkia" watoto hulisoma kimakosa "mukia".

Piga mstari chini ya kila silabi yenye konsonanti mbili au zaidi. Zikizidi mbili kwenye ukurasa, badilisha neno. "Nchi kavu" ondoa kabisa. Ch ya "chura" huikwepi, basi ifundishe kwenye jalada.

Maneno 3 hadi 5 kwa ukurasa yanatosha. Ukitoa majalada mawili zinabaki kurasa 6:

Chura hutaga mayai majini.
Yai hupasuka. Kiluwiluwi hutoka.
Kiluwiluwi ana mkia. Hana miguu.
Miguu ya nyuma hutokea.
Miguu ya mbele hutokea.
Mkia hupotea. Sasa ni chura.

Mama Irabu:
Naongezea hapo kwenye hu-. Wengi wangeandika "yai linapasuka, mkia unapotea, miguu inatokea", na mtoto anakutana na viambishi vitatu tofauti ndani ya kurasa chache. Hu- haibadiliki kwa ngeli yoyote, na ndiyo hasa ya mambo ya kawaida ya viumbe.

Mpanga Kurasa:
Sawa, ila watoto wengi hawaisemi hu- wanapoongea. Wasomee kwa sauti mara moja kwanza, la sivyo watatamka bila kuelewa.

Maumbo ya herufi nayo yanaharibu vitabu vingi. Ukubwa wa maandishi uwe pointi 24, herufi ndogo (kichwa cha herufi kubwa tupu kinawapoteza), na a ya duara kama wanavyoiandika kwa mkono, si ile yenye kikofia. Usikate neno mwisho wa mstari. Maneno yakae chini ya picha, kamwe yasiwe juu yake.

Kalamu Butu:
Nitajuaje wanasoma, si kwamba wanakisia kwa picha?

Silabi Tano:
Ziba picha kwa karatasi, uanzie ukurasa wa 5. Akisema "miguu ya mbele" wakati imeandikwa "nyuma", amekariri. Kisha andika "yai", "mkia" na "hutoka" kwenye vikadi, uvichanganye, asome bila kitabu.

Mpanga Kurasa:
Na kurasa ziende kwa nne: karatasi moja ikikunjwa katikati hutoa 4. Ukiongeza ukurasa wa 9, unabaki na kurasa 3 tupu.