Nauza amplifaya mbili za valvu, Quad II. Nianzie wapi?

binti_wa_wete: Salaam wadau, niko Leicester huku Uingereza. Baba mkwe katangulia mbele ya haki na mama anataka vyombo vyake vya muziki vitoke sebuleni. Kuna amplifaya mbili za Quad II, kila moja ina valvu tano juu (zile taa za kioo za zamani), pamoja na kiboksi cha vitufe cha Quad 22. Hazijawashwa miaka mingi sana. Kuna mtu katupa bei anataka azibebe leo leo na keshi mkononi, shemeji naye anasema tuzichomeke kwanza tuone kama zinaimba. Mnasemaje?

fundi_waya: Pole kwa msiba dada. MSIZICHOMEKE kabisa! Hizo zilitengenezwa Huntingdon, huko huko Uingereza, kuanzia 1953, kapasita zake za ndani (vile vipande vya kutunza chaji) zimezeeka na zikianza kuvujisha umeme wa DC zile valvu kubwa za KT66 zinavuta mkondo kupita kiasi, rizista ya ohm 180 inaungua, mkichelewa kuzima na transfoma nayo kwaheri, na thamani ya mashine ile iko kwenye transfoma. Shemeji asifungue chini pia, mna volti zaidi ya 300 na kapasita zinaweza kubaki na chaji hata plagi ikiwa nje. Mpe fundi anayejua valvu abadilishe kapasita, uuze zikiwa zinaimba.

Mzee wa Santuri: Hapo kwa fundi mimi sikubali. Wanaotafuta Quad II wengi wanazitaka hazijaguswa, wana mafundi wao, na lehemu mbovu inashusha bei kuliko kapasita mbovu. Uza kama zilivyo, andika wazi kwamba hazijajaribiwa. Halafu soma maandishi kwenye zile KT66, kama ni za zamani za kampuni ya GEC basi valvu peke yake zina soko lake na huyo wa leo leo pengine anafuata hizo tu. Usizifute na kitambaa, maandishi yanatoka.

fundi_waya: Haya mzee, kwenye lehemu una hoja, mafundi wengine wanatia aibu. Ila zikipimwa tu bila kubadilishwa kitu hakuna hasara.

binti_wa_wete: Nimeona, ni GEC zote nne 😳 Sasa bei nitaijuaje?

Mzee wa Santuri: Ingia eBay, chuja vilivyokwisha kuuzwa, usiangalie bei za kuomba maana mtu anaweza kuomba hata mbingu. Uza zote mbili pamoja kwa sababu ni mono, moja kushoto moja kulia, ukizitenganisha umejipunja. Piga picha namba za mfululizo (serial), zikikaribiana watu wanapenda.

kijana_ilala: Dada mimi niko Dar, unaweza kutuma? Umeme si ni ule ule wa 230?

fundi_waya: Umeme sio shida, shida ni uzito, moja inapita kilo 8 na karibu yote ni transfoma. Valvu zitolewe, kila moja ifungwe peke yake na iandikwe ilitoka soketi ipi, amplifaya zenyewe kila moja kreti yake ya mbao. Ila dada kama kuna mnunuzi wa kuja na gari mlangoni mpe huyo kwanza, kijana ataelewa.

kijana_ilala: Sijaelewa lakini sawa 😂