Mgeni njoo, mwenyeji alipe: sherehe za kitaifa mashinani na hesabu tusizoonyeshwa

Pima_Maji

Kila kaunti ya upande huu wa magharibi mwa Kenya ikipewa zamu ya kuandaa sherehe ya kitaifa, tunaambiwa tushangilie. Heshima imetufikia, barabara zitawekwa lami, uwanja utapata sura. Mwaka ukipita, nyasi ni za mbuzi, lami imebanduka, na wakandarasi wamepiga kambi kwenye ofisi ya fedha wakidai chao. Nauliza bila adabu nyingi: gwaride la asubuhi moja lina thamani ya pesa zinazomezwa? Na msinijibu kwa uzalendo, nijibuni kwa vipimo.

Kalenda kwanza, maana uozo unaanzia hapo. Ibara ya 9 ya Katiba imetaja sikukuu tatu za taifa: Madaraka tarehe 1 Juni, Mashujaa tarehe 20 Oktoba na Jamhuri tarehe 12 Desemba. Haziandami mwezi kama Idi. Tangu Madaraka ya 2016 ilipofanyiwa uwanja wa Afraha pale Nakuru, sherehe hizi zimekuwa zikizungushwa: Mashujaa ikaja Bukhungu, Kakamega, 2018, Madaraka ikaja Mamboleo, Kisumu, 2021, Mashujaa Kericho 2023, Madaraka Kanduyi, Bungoma, 2024, kisha Homa Bay 2025. Hakuna afisa anayeweza kusema kwamba tarehe 1 Juni ilimvamia usingizini.

Lakini zabuni ikicheleweshwa hadi Aprili, neno linalofuata ni "dharura". Someni kifungu cha 103 cha Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya 2015. Kinaruhusu kumchukua muuzaji mmoja bila ushindani pakiwa na haja ya haraka, kwa sharti kwamba hali iliyoleta haraka hiyo haikuweza kutabiriwa, wala haikuletwa na kujikokota kwa ofisi yenyewe. Sikukuu iliyoandikwa kwenye Katiba haitabiriki? Msituone mafala.

Na haraka ina bei. Mkandarasi anayepewa siku 30 kwa kazi ya miezi mitano atapandisha bei, na wala si lazima awe mwizi. Analipa zamu za usiku, anakodi taa na mashine za ziada, anaagiza kokoto kutoka machimbo yoyote yaliyo na akiba. Juu ya hayo anaweka fungu la kujikinga, kwa sababu anajua atalipwa kwa kuchelewa. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, mwezi haujatimia tangu sherehe ya Madaraka. Ankara isiyolipwa kufikia hapo inahamia mwaka unaofuata kama deni, ikishindana na dawa na mishahara.

Twende uwanjani, ndiko pesa zinakozikwa. Uwanja wa kandanda wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Ukijengwa sawasawa, chini kuna mabomba ya kutoa maji na tabaka la kokoto la kama sentimita 10, juu yake mchanga uliochanganywa na mboji, sentimita 30. Pigeni hesabu: hilo tabaka la juu pekee ni mita za ujazo 2,142, na kwa tani 1.6 kila mita ya ujazo tunazidi tani 3,400. Lori la tani 20 lingepita langoni mara 172. Wakazi wa karibu na uwanja, mliyaona malori hayo? Kama hamkuyaona, mmetandikiwa mkeka wa nyasi juu ya udongo ule ule wa zamani. Na udongo wa nyanda za Kano, hapo Kisumu, mnaujua: mfinyanzi mweusi, ukilowa unavimba na kushika maji, ukikauka unapasuka nyufa za kupitisha mkono.

Nyasi za mikeka zinaanza kushika baada ya wiki mbili au tatu, tena kwa mizizi mifupi. Kabla ya kuzikanyaga kwa buti zinataka kama miezi miwili. Zikiletwa katikati ya Mei, zinamwagiwa maji asubuhi na jioni ili kamera zione kijani kibichi, mizizi inabaki juu juu kwa sababu haina haja ya kushuka kutafuta maji, kisha mamia ya askari wanapiga hatua pamoja juu yake. Mkeka unateleza. Julai mnaona mabaka, na tunaambiwa tatizo ni ukame.

Zege ndilo linalonitisha zaidi. Zege la simenti ya kawaida likimwagiliwa vizuri hufikia takriban theluthi mbili ya nguvu yake kwa siku 7, na nguvu kamili tunaipima siku ya 28. Jukwaa la watu wanaosimama na kurukaruka hupigiwa hesabu ya kilo 500 kwa kila mita ya mraba. Jukwaa lililomwagwa tarehe 20 Mei litabeba umati likiwa na siku 12. Kuna dawa za kuharakisha ugumu, ndiyo, nazo zinaongeza gharama na zinataka mtu anayejua vipimo. Kwa hivyo ulizeni matokeo ya vile vipande vya majaribio, vya milimita 150 kila upande, vinavyovunjwa maabara siku ya 7 na ya 28. Vikikosekana, hakuna anayejua jukwaa lina nguvu gani. Naye mgeni wa heshima hakai pale. Anakaa kwenye hema.

Lami sasa. Kilomita moja yenye upana wa mita 7 na unene wa sentimita 5 inakula mita za ujazo 350, takriban tani 840. Ikimwagwa sentimita 2.5, ni tani 420, na siku ya msafara hakuna jicho litakaloona tofauti. Njia ya kujua ni moja: mashine ya kutoboa kipande cha mviringo hadi chini, kisha rula. Zaidi ya unene kuna mvua. Mei ni masika, na upande huu wa Ziwa Victoria mvua hupenda kunyesha alasiri. Lami nyepesi ya kupakwa juu ya changarawe inataka siku moja au mbili kavu ili izame. Lami moto nayo ishindiliwe kabla haijashuka chini ya nyuzi 80 hivi za Selsiasi. Ukiimwaga saa tisa mchana juu ya kifusi kilicholowa, umefunika maji. Magari mazito yakipita, maji yanasukuma kutoka chini, na mashimo yanafunguka mahali pale pale yalipokuwa.

Kabro, yale matofali ya kutandaza chini, bila kingo za pembeni, rangi ya kingo iliyopakwa juu ya vumbi, miche iliyopandwa ikiwa bado kwenye karatasi ya plastiki: hayo nayaacha, kila mtu anayaona.

Waya_Mbili

Mkuu, umesahau vitu vya kukodi, na huko ndiko mchezo ulipo kwa sababu havibaki vikahesabiwa. Nitaje skrini tu. Skrini ya mita 6 kwa 4 ni mita za mraba 24, yaani vipande 96 vya sentimita 50 kwa 50. Hotuba zinasomwa jua likiwa utosini, kwa hivyo inatakiwa skrini ya nje yenye mwangaza wa niti (kipimo cha mwangaza) 5,000 kwenda juu, iliyozibwa dhidi ya mvua. Skrini ya ukumbini ina niti 1,000 hivi. Ukiileta uwanjani saa sita mchana unaona kioo cheusi chenye vivuli. Zote zikiwa zimezimwa zinafanana, na kwenye ankara zote zimeandikwa "skrini kubwa".

Halafu jenereta. Skrini hiyo ikiwaka nyeupe tupu inakula kama wati 800 kwa mita ya mraba, jumla kilowati 19. Jenereta ya kVA 40 (kVA ni kipimo cha uwezo wa jenereta) inaibeba na kupumua. Ukikuta kVA 200 imekodiwa kwa skrini moja, kuna anayelipwa kwa chuma cha bure na dizeli isiyochomwa.

Angalieni pia siku. Mazoezi ya gwaride huanza siku kadhaa kabla, na kisingizio hicho hutumika kukodi kila kitu kwa siku zote. Askari wanaofanya mazoezi hawahitaji hema la wageni mashuhuri lenye zulia na viyoyozi.

Na vyoo! Waandaaji wa matamasha huweka choo kimoja kwa wanawake 100 kwa hafla isiyozidi saa sita. Umati wa watu 20,000, nusu wakiwa wanawake, unataka vyoo 100 vya wanawake peke yao. Hesabuni mtakavyoviona.

Mwana_wa_Ziwa

Ndugu zangu, hasira nazielewa lakini mnaongea kana kwamba hakuna faida. Hoteli zinajaa, boda wanapata, mama wa samaki anauza hadi usiku. Na tuseme ukweli, bila sherehe uwanja haungeguswa kabisa. Afadhali haraka kuliko hakuna.

Pima_Maji

Boda na mama wa samaki wanapata, sikatai, kwa siku mbili tatu. Lakini usiuchanganye mfuko wao na mfuko wa kaunti. Ibara ya 209 imeipa serikali ya kitaifa kodi ya mapato na kodi ya thamani ya ziada, VAT. Kitanda cha hoteli kikilaliwa na bia ikinyweka, kodi hizo zinaenda Nairobi. Kaunti inabaki na kodi za ardhi na majengo, ushuru wa burudani na ada za huduma kama leseni na maegesho. Haziongezeki kwa sababu kulikuwa na gwaride. Sasa ongeza kwamba skrini, hema na vipaza sauti vya kiwango hicho mara nyingi vinasafirishwa kutoka Nairobi, na malipo yanarudi navyo.

Hilo la "uwanja haungeguswa" ndilo linaloniudhi kuliko yote. Maana yake tumekubali kwamba mtaro wa maji machafu unazibuliwa tu rais akija. Tena uwanja haumalizwi kwa kuujenga. Nyasi zinakatwa mara mbili kwa wiki wakati wa mvua, zinatiwa mbolea, zinatobolewa ili zipumue, zinanyunyiziwa mchanga kila msimu. Nionyeshe fungu la matengenezo kwenye bajeti ya mwaka unaofuata. Wakubwa kuliko sisi wamenaswa na mtego huu: Montréal iliandaa Olimpiki 1976, ikamaliza kulipa deni la uwanja wake 2006. Miaka 30.

Sipingi sherehe. Itangazwe mapema, ijengwe kwa msimu wa kiangazi, vya kukodi na vya kudumu viwe kwenye mikataba tofauti. Uwanja ambao haujafikisha siku zake usipewe umati. Gwaride linaweza kufanyiwa shule yenye uwanja mpana, na taifa halitaanguka.

Mama_Kibuye

Wanangu, mnaongea vizuri, lakini hizo karatasi mtu wa kawaida anazipata wapi? Na hasara ya wenye vibanda wanaofukuzwa kupisha "usafi" iko kwenye ankara ya nani?

Pima_Maji

Heshima zako, Mama. La vibanda halimo kwenye ankara yoyote, na ndiyo maana sherehe inaonekana rahisi kuliko ilivyo.

Karatasi zinapatikana. Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinakuruhusu kuandika barua kwa Kiswahili, bila kueleza unataka habari za nini. Kuomba hakulipiwi, wanaweza kudai gharama ya kunakili tu. Barua iende kwa mkuu wa ofisi iliyotoa kandarasi, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Wana siku 21. Wakinyamaza au wakikataa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo ina ofisi Kisumu pia.

Usiombe "habari za sherehe", watakutumia picha. Omba BQ, ile orodha ya vipimo na bei. Omba mkataba na kila nyongeza yake, kwa sababu kifungu cha 139 cha sheria ya ununuzi kinazuia nyongeza zote kwa jumla zisizidi asilimia 25 ya bei ya kwanza. Omba stakabadhi za malori ya mchanga, matokeo ya zege ya siku ya 28, vipimo vya unene wa lami, vyeti vya malipo.

Na cha kwanza kabisa, cheti cha makabidhiano. Tarehe yake ndiyo inayoanzisha kipindi cha kurekebisha kasoro, kwa kawaida miezi 6 au 12, na katika kipindi hicho sehemu ya pesa za mkandarasi inashikiliwa. Ukigundua shimo ndani ya muda huo, analiziba kwa gharama yake. Ukigundua baada ya hapo, tunaliziba sisi.