Jiwe likifika juu kabisa, mchapuko (yaani spidi inavyobadilika kila sekunde) unatoka wapi?

Wakuu, nipo fomu five PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu), fomula nazijua zote ila swali likigeuzwa kidogo tu nimekwisha. Mfano jiwe limerushwa juu, pale juu kabisa si limesimama, sasa kwa nini mchapuko usiwe sifuri?

Jibu: Ungekuwa sifuri lingebaki hukohuko hewani mkuu. Spidi ndo sifuri, tena nukta hiyo tu, graviti haijaenda likizo. Rusha kwa 20 m/s, g (mchapuko wa graviti) weka 10, sekunde ya 1 imebaki 10, ya 2 sifuri, ya 3 ni -10 (yaani sasa linarudi chini), umeona inavyoshuka kumikumi bila kusita?

Jibu: Na acheni kukimbilia fomula jamani, chora mishale ya nguvu kwanza. Hapo upo mmoja tu, wa chini.

Muulizaji: Aaah kumbe! Na upinzani wa hewa je?

Jibu: Huo weka pembeni kwanza 😂